Uani Kunukie: Mche Upi Ununue Kwanza

Muuza miche wa kando ya barabara atakuonyesha bogenvilia kwanza, kwa kuwa inaonekana tangu mbali. Sawa, kama unachotaka ni rangi na miiba ya kuwazuia mbuzi. Lakini kwa nyumba ya pwani mimi huchagua kwa pua.

Wa kwanza ni mwasmini, na simwoni mshindani wake. Kipande cha tawi hushika bila taabu, kwa hiyo kama jirani anao, omba kabla hujatoa pesa. Hukubali ndoo, na hutambaa ukutani ukiuwekea fito. Unachodai ni jua, saa sita hivi kwa siku. Ukiukosesha, utavuna majani matupu. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi kila ukimaliza kuchanua, pogoa. Wengi huuonea huruma, ukawa kichaka kisicho na ua. Matumba huchumwa jioni kabla hayajafunguka, yakafungukia kwenye nywele au kitandani.

Wa pili ni mlangilangi, ila uliza: mrefu au mfupi? Kwenye viriba, ile mifuko ya miche, hufanana. Mrefu hupita mita 10; wangu ulivuka paa, maua yakabaki ya kunguru. Mfupi huishia mita 2 hivi na huchanua ungali mdogo, kwa hiyo chagua mche wenye ua tayari. Ukiwa umeshauziwa mrefu, fanya kama Wakomoro wanaochuma langilangi za mafuta ya manukato: hukata kilele na kuinamisha matawi yafikiwe kwa mkono. Chuma alfajiri, ua likiwa limegeuka manjano. La kijani bado harufu yake haijaiva.

Mkilua ningeupandisha nafasi ya pili kama ungepatikana kirahisi. Ni mti wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, hata jina lake la kisayansi ni la Kiswahili: Mkilua fragrans. Hukua polepole na hupenda kivuli, kwa hiyo hufaa chini ya mwembe pasipofaa asmini. Mche uliong'olewa msituni ukatiwa kwenye mfuko jana, uache hapo hapo.

Mkadi ni kwa mwenye kiwanja kipana, maana majani yake yana miiba. Kadi, yaani ua lake linalonukia, ni la mti dume tu. Nunua chipukizi la mti uliokwisha kutoa kadi, si mche wa mbegu.

Mwaridi nauweka mwisho, mtanisamehe. Lushoto au Limuru ungekuwa juu kabisa, lakini unyevu wa pwani huleta madoa meusi na majani yakapukutika. Ukishikilia, tafuta uvimbe wa kiungo kwenye shina, pale waridi lilipounganishwa na shina la mwaridi mwingine. Machipukizi yatokayo chini ya hapo si ya waridi ulilolipia, yang'oe.

Kabla hujalipa, inua kiriba. Mizizi ikiwa imetoboa na kushika ardhi, mche umekaa mno na utashtuka ukihamishwa. Geuza majani: unga mweupe na utomvu wa kunata ni wadudu utakaowapeleka nyumbani kwako. Nunua masika yakikaribia, shimo liwe tayari na samadi iliyooza. Na usishawishike na mche uliojaa maua. Kwa bei hiyo hiyo, chukua wenye matawi mengi na matumba machache.