La Paz kwa gari la kamba: uzoefu wangu na Mi Teleférico

Kwa yeyote anayezunguka Amerika Kusini na begi mgongoni na bajeti ya kubana, ushauri wangu kuhusu La Paz, Bolivia, ni mmoja: fedha za ziara za kuongozwa zitunze, nunua kadi ya Mi Teleférico, mtandao wa magari ya kamba, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya mji, kisha uutazame mji kutoka juu kwa siku kadhaa bila haraka. Mimi na rafiki yangu tulifanya hivyo, na sijawahi kuuelewa mji wa ugenini upesi namna ile.

Kwanza suala la pumzi. La Paz iko takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanaijua hali ya Horombo, kwenye mita 3,720. Hapa watu wanaishi, wanabeba mizigo na kucheza mpira karibu na kimo hicho. Uwanja wa ndege uko El Alto, mji jirani ulio juu zaidi, kwenye mita 4,061, kwa hiyo kichwa kinaweza kuanza kugonga hata begi hujalipata. Siku ya kwanza usipange kitu. Kunywa maji mengi na chai ya majani ya koka, kula kidogo, lala. Koka ni halali Bolivia, lakini nchi nyingi zinaipiga marufuku, hivyo hakikisha hakuna hata jani moja begini unapoondoka.

Mitaa ya katikati ya mji ni miinuko mitupu, na hapo ndipo gari la kamba linapokuwa rehema: unapanda mlima mzima ukiwa umekaa. Huu si mradi wa kuburudisha watalii. Ni usafiri wa umma ulioanza mwaka 2014 kwa laini nyekundu, ya njano na ya kijani. Sasa laini ni 10, kila moja na rangi yake. Tulilipa boliviano 3 kwa laini moja, na kuunganisha laini ya pili kwa kadi kulikuwa nafuu zaidi. Kibanda kimoja kinachukua watu 10. Anayeingia anasalimia, na waliomo wanaitikia. Tulikaa na wanafunzi, na watu wa maofisini, na akina mama wa Kiaymara, wenyeji wa asili wa milima ya Andes, wenye sketi pana za marinda na kofia za duara, mizigo yao imefungwa mgongoni kwa kitambaa cha rangi kali. Hakuna aliyetushangaa, nasi tukajifunza kunyamaza na kutazama.

Njia tuliyoipenda ni hii: panda laini nyekundu kutoka Estación Central. Inapita juu ya makaburi makuu ya mji, ambako marehemu wamewekwa katika vyumba vidogo vilivyopangwa ukutani ghorofa kwa ghorofa, vingi vikiwa na kioo na maua mbele. Unashukia 16 de Julio, El Alto. Alhamisi na Jumapili kuna soko kubwa ajabu: vipuri vya magari, mbao, simu, na mitumba kwa marundo, watu wakiinama kuchambua kama Karume au Gikomba. Pesa weka mfuko wa ndani. Asubuhi ya baridi tafuta api, kinywaji moto cha mahindi ya zambarau chenye mdalasini na karafuu. Ile harufu ya karafuu, mbali vile na Unguja, ilinigusa sana.

Toka hapo chukua laini ya fedha, inayokwenda ukingoni mwa El Alto. Kama anga ni safi utauona mlima Illimani, mita 6,438, umevaa theluji. Tazama pia majengo ya mbunifu Freddy Mamani: chini maduka, katikati ukumbi wa sherehe, juu kabisa nyumba ya mwenye mali, yote kwa rangi zinazong'aa. Ni fahari ya wafanyabiashara wa Kiaymara, na mimi nimeipenda kuliko kanisa lolote la kale nililoliona safarini.

Kisha teremka kwa laini ya njano, uunganishe ya kijani hadi Irpavi, huko bondeni. Hapo ndipo mji unapokufunulia siri yake. Katika miji mingi wenye nazo hukimbilia mlimani. La Paz wako bondeni, kwenye joto na hewa nzito zaidi, na watu wa kipato kidogo wako juu kwenye upepo. Nusu saa hivi ya kuteremka inakuonyesha hilo, tofali jekundu likigeuka kuwa bustani na mabwawa ya kuogelea.

Chakula cha bei ya begi mgongoni ni salteña, mkate mdogo uliookwa wenye mchuzi wa nyama na viazi ndani. Huliwa asubuhi hadi adhuhuri. Ishike wima, ung'ate kona ya juu, unywe mchuzi kwanza.

Malazi ndiyo yaliyotuangusha. Hosteli yetu ilikuwa na baa chini ya vyumba, na muziki haukuisha hadi usiku wa manane. Uliza kabla ya kulipa. Beba sweta nzito, maana usiku wa msimu wa ukame, kati ya Mei na Oktoba, baridi yake haina mzaha. Wenye wasaa wa mwezi wa Januari wajue kwamba radi na upepo mkali husimamisha vibanda kwa muda, hivyo safari ya kuwahi ndege usiitegemeze huko.