Muumba Aliyefungwa na Kanuni Zake: Uhakiki wa Riwaya ya "Mr g"

Alan Lightman ni mwanafizikia wa Marekani ambaye amefundisha fizikia na uandishi katika chuo cha MIT. Riwaya yake ya "Mr g", iliyotoka mwaka 2012, inasimulia kuumbwa kwa ulimwengu, na msimulizi ni Muumba mwenyewe, ndiye Mr g, anayeishi katika Utupu pamoja na Mjomba Deva na Shangazi Penelope, wazee wawili wasioisha kugombana. (Kiingereza hakibainishi kama Deva ni mjomba au ami, nimechagua mjomba.)

Muumba anaanza na wakati, na mara mambo ya Utupu, ambayo hapo awali yalitokea yote kwa pamoja, yanapata kabla na baada. Kisha anaumba nafasi, na kati ya malimwengu mengi yanayochipuka anauchagua mmoja na kuuita Aalam-104729. Jina hilo limetungwa kwa makini: "Aalam" ni neno la Kiarabu ambalo Mwislamu yeyote hulisikia katika "Rabbil-alamina", na 104729 ni namba tasa ya elfu kumi, ukizihesabu namba tasa kwa mpangilio kuanzia 2.

Uzuri wa kitabu uko hapa. Muumba anaweka kanuni chache, mojawapo ikiwa kwamba kila tukio lazima lisababishwe na tukio lililolitangulia, na tangu hapo anajizuia kuziingilia. Haidrojeni na heli zinajitokeza kwa sababu joto linapungua. Nyota zinawaka kwa sababu mvutano unakusanya gesi. Kaboni na oksijeni zinapikwa ndani ya nyota hizo hadi uhai unachipuka bila kuamriwa, na aliyeuanzisha ulimwengu anabaki mtazamaji anayeshangaa. Yote hayo ni kosmolojia, yaani elimu ya asili ya ulimwengu, inayofundishwa vyuoni, lakini hapa msomaji anayapokea kama jambo linalompata mhusika, wala hahitaji mlinganyo hata mmoja. Lightman, ambaye ametamka hadharani kwamba haamini kuwako kwa Mungu, amemwandika Muumba mwenye mashaka na huruma kuliko nilivyotarajia.

Kinachonichosha ni Belhor, mgeni mwerevu na mtanashati anayefika Utupuni kubishana kuhusu uovu na mateso ya viumbe. Hoja zake ni nzito, ila zinarudiwa mno, na mara kadhaa nilihisi kwamba wahusika wamenyamazishwa ili mwalimu amalizie somo lake. Mjomba na shangazi wanachekesha, lakini hawakui.

Sura ninayoikumbuka zaidi inahusu kifo cha mwanamke mzee. Mwandishi anahesabu atomu za mwili wake, anataja sehemu ya oksijeni, ya kaboni na ya haidrojeni, kisha anazifuata zinapotawanyika hewani na ardhini na kuingia katika miili mingine. Ni hesabu tupu, lakini niliisoma mara mbili kabla ya kufungua ukurasa uliofuata.

Kiingereza chake ni chepesi, na aliyesoma fizikia ya sekondari hatapotea. Muumini anayekerwa na Muumba mwenye shangazi, tena anayeandikwa kwa herufi ndogo, atapata taabu tangu sura ya kwanza, na sidhani kwamba sura zinazofuata zitamtuliza.