Aiskrimu ya tui la nazi hapa Lubumbashi: tui nne, sorbetiere moja na ndoo ya barafu

Jambo yenu bandugu, ba mama na ba papa mnaotufuata Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko. Leo mezani kuna aina nne za tui la nazi za kununua dukani, kuna sorbetiere ya umeme, yaani mashine ya kupiga aiskrimu, na hapa chini kuna ndoo ya plastiki yenye barafu na chumvi. Tunataka aiskrimu isiyo na tone la maziwa ya ng'ombe, laini, inayochoteka kwa kijiko. Wengi wananiuliza kwanza wanunue mashine gani. Jibu ni kwamba mashine ije mwisho. Aiskrimu ya nazi huharibikia dukani, mtu anapochukua mkebe bila kuusoma.

Basi tusome. Huu wa kwanza ni mkebe wa mililita 400. Geuza nyuma, tafuta mstari wa "matières grasses", yaani mafuta, kiasi kwa kila mililita 100. Hapa ni gramu 18. Ukipata kati ya 17 na 19, weka kwenye kapu. Halafu angalia "ingrédients", yaani vilivyomo: dondoo la nazi, maji, pengine gundi ya guar kidogo. Hiyo guar haina ubaya, inasaidia mafuta na maji visiachane. Mwenye pumu atazame pia kama kuna E224. Ni salfaiti inayowekwa kulinda rangi, na kuna watu inawabana kifua.

Wa pili umeandikwa "léger", yaani mwepesi. Mafuta gramu 6. Mkebe uleule, bei karibu ileile, lakini ndani mmejaa maji. Kwa mchuzi wa samaki sawa. Kwa aiskrimu utakula barafu yenye harufu ya nazi, na maizena, ule wanga wa mahindi wa kuzitishia, haiwezi kuficha hilo.

Hili boksi dogo la tatu ni krimu ya nazi, gramu 24. Watu wanafikiri mafuta yakizidi ndiyo utamu unazidi. Hapana. Mafuta ya nazi huanza kuwa magumu chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye friza yanakaza sana, na mdomoni yanabaki juu ya ulimi na kwenye kaakaa. Kama ni krimu tu uliyopata, chukua mililita 600 uongeze mililita 200 za maji, utumie mchanganyiko huo mahali pa mikebe miwili. Hapo inafaa kabisa.

Wa nne ni unga wa tui wa kwenye pakiti. Huu ndio ninaotaka muuangalie kwa makini. Mbele kuna picha ya nazi kubwa. Nyuma, kwa herufi ndogo: "caséinate de sodium". Hiyo ni protini ya maziwa. Viwanda vingi huiweka ili unga uyeyuke vizuri. Pengine mtu ambaye tumbo lake halielewani na laktozi, ile sukari ya maziwa, hatasikia kitu, kwa sababu kaseini si laktozi. Lakini mtoto mwenye aleji ya maziwa anaweza kuvimba midomo au kushindwa kupumua. Zipo pakiti zisizo na kaseini, ila lazima usome kila mara, hata kama ni ileile uliyonunua mwezi uliopita.

Na lile boksi la lita moja la kinywaji cha nazi, la kunywa asubuhi, sikulileta hata mezani. Mafuta yake ni gramu 1 au 2. Nazi zenyewe, za kukuna? Hazioti hapa Katanga kwa wingi, zinatoka mbali, na nyingine unaipasua inanuka. Zaidi ya hapo, ukikamua kwa mkono huwezi kujua mafuta ni kiasi gani, kwa hiyo leo itatoka vizuri na Jumamosi ijayo itatoka vingine. Nachagua mkebe wa kwanza.

Vipimo sasa. Mikebe miwili ya tui, yaani mililita 800. Sukari gramu 120. Siropu ya glukosi gramu 50, na asiyeipata aweke asali gramu 45. Maizena vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa, gramu 16. Chumvi theluthi ya kijiko cha chai. Vanila kijiko kimoja cha chai. Inatoka karibu kilo moja ya mchanganyiko, yenye mafuta asilimia 14 hivi. Aiskrimu ya kawaida ya maziwa huwa kati ya 10 na 16, kwa hiyo tuko palepale.

Kuhusu sukari mnisikilize, maana hapa ndipo watu wanapenda kupunguza. Sukari haiko ndani kwa utamu tu. Ikishayeyuka inazuia sehemu ya maji isigande hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na hayo maji yasiyoganda ndiyo yanayoruhusu kijiko kuingia. Ukiweka gramu 60 badala ya 120, utachukua kisu. Glukosi inafanya kazi hiyohiyo bila kuongeza utamu mwingi, na inazuia chembe za barafu kukua. Asali inalainisha hata zaidi, ila ladha yake inasikika. Na maizena ni kwa sababu nazi ina protini kidogo sana, haishiki maji na hewa kama maziwa yanavyoshika. Kitu kingine lazima kishike hayo maji.

Twende jikoni. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi zetu za baridi, utafungua mkebe ukute juu pameganda nyeupe na chini maji. Halijaharibika. Weka mkebe uliofungwa kwenye maji ya moto dakika kumi, tikisa, ndipo ufungue. Toa mililita 100 za tui likiwa limepoa, koroga ndani yake maizena yote mpaka kusiwe na donge. Tui lililobaki liweke kwenye sufuria pamoja na sukari, glukosi na chumvi, moto wa kiasi. Likianza kutoa povu pembeni, mimina ule uji wa maizena huku unakoroga bila kuacha.

Sasa usikimbilie kuzima. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1200, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Maizena inataka joto linalokaribia hapo ili iive kabisa. Kwa hiyo subiri uone mapovu makubwa yakipasuka katikati ya sufuria, halafu hesabu dakika mbili. Paka nyuma ya kijiko cha mbao, pitisha kidole: mstari ukibaki wazi, imeiva. Ukitoa mapema, aiskrimu itakuwa na ladha ya unga mbichi, na vanila yote ya dunia haitaiondoa.

Ikiwa bado moto, mimina kwenye mikseri nusu tu ya jagi, toa kile kifuniko kidogo cha juu, funika kwa kitambaa. Mvuke ukifungiwa ndani unarusha kifuniko na kuunguza mkono. Saga dakika moja, ongeza vanila, kisha fanya nusu nyingine. Hatua hii wengi wanairuka, na inaonekana mwishoni: mafuta yasiyosagwa yanapanda juu na kuganda peke yake.

Poza haraka. Sufuria ndani ya beseni la maji baridi na barafu, koroga, dakika ishirini hivi. Halafu frigo, saa nne au usiku mzima, plastiki ikigusa juu kabisa ili pasitengenezeke ngozi. Usiiache mezani mpaka asubuhi kwa sababu umeme umekatika. Tui lililopikwa linaharibika haraka, na kugandisha hakuui vijidudu. Kabla ya kuingiza kwenye mashine, ipitishe tena kwenye mikseri sekunde kumi, kwa sababu kwenye frigo mafuta yanakuwa yameshikana.

Haya, sorbetiere. Hii ni ya bakuli la kugandisha, lita 1 na nusu. Kuta zake ni mbili, katikati kuna kimiminika. Bakuli linakaa kwenye friza saa 24, na kujua kama liko tayari ni rahisi: litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza, lirudishe. Likiwa limeganda kweli, washa mashine kwanza ipige mzunguko, ndipo umimine, la sivyo mchanganyiko unaganda ukutani papo hapo na pala inakwama. Dakika 20 mpaka 25. Mota ikianza kulalamika, zima. Usiongeze dakika tano za baraka: ukipiga sana, au ukiingiza mchanganyiko ambao haujapoa, mafuta ya nazi yanashikana kama siagi na unapata punje za nta kwenye ulimi. Hilo halirekebishiki kwa kuongeza kitu. Ni kuyeyusha kwenye moto, kusaga na kuanza tena.

Kwa kazi yake, mashine hii inafanya vizuri. Shida ni mahali tulipo. Saa 24 za friza bila kukatika ni nani anazo kila wiki? Umeme ukienda saa sita usiku na kurudi asubuhi, bakuli linakuwa limelegea, na utazungusha dakika arobaini upate uji. Mwenye jenereta au umeme wa jua wa kutosha, anunue. Zile zenye kompresa yake ndani hazihitaji friza, ila ni ghali na nzito. Zikishapita barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, zikilazwa ubavu, zisimamishe saa kadhaa kabla ya kuchomeka ili mafuta ya kompresa yashuke, na uweke stabilizateri. Volti zinazopanda na kushuka zinaua kompresa.

Ndiyo maana ndoo iko hapa, na mimi ndiyo ninayoipa alama. Ndoo ya lita 10. Ndani yake sufuria ya chuma cha pua ya lita 2 yenye mfuniko. Barafu kilo 5, iweke kwenye gunia safi uipige nyundo mpaka vipande viwe kama kidole gumba. Chumvi ya mawe kilo 1 na nusu. Tandika barafu, nyunyiza chumvi, barafu, chumvi, mpaka robo tatu ya urefu wa sufuria, usipite hapo. Tone moja la maji ya chumvi likiingia ndani, kazi yote imekwisha. Chumvi inalazimisha barafu kuyeyuka, na kuyeyuka kunanyonya joto, hivyo maji yale yanashuka karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Usiingize mkono mtupu, yanaunguza ngozi. Sufuria ya alumini inapitisha baridi upesi zaidi, lakini chumvi inaitoboa taratibu, kwa hiyo ukiitumia ioshe palepale.

Mimina mchanganyiko baridi, funika, shika mikono ya sufuria uizungushe kushoto na kulia. Kila dakika tatu fungua, kwangua ukuta kwa kijiko cha mbao, piga kwa nguvu ili hewa iingie. Dakika 30 mpaka 40, mkono utachoka, watoto wasaidie. Hewa inaingia kidogo kuliko kwenye mashine, kwa hiyo inatoka nzito zaidi, lakini chembe za barafu ni ndogo na haikutegemea umeme wa jana. Hayo maji ya chumvi usiyamwage kwenye bustani, yataua mboga.

Ladha nataja chache. Kalanga: gramu 80 za kalanga zilizokaangwa na kusagwa laini, lakini toa mililita 200 za tui uweke maji, kwa sababu nusu ya kalanga ni mafuta. Embe: gramu 300 za embe lililosagwa, lichemshe mpaka zibaki 200, likipoa ndipo uchanganye. Embe lisilochemshwa lina maji mengi na linaleta barafu. Masuku, yale matunda ya porini, pia yanafaa wakati wake, ukitoa mbegu zote, na tone la ndimu. Kakao iwe ile chungu, gramu 40, unaichemsha pamoja na tui. Zile poda za chokoleti za kifungua kinywa nyingi zina maziwa ndani, tunarudi palepale kwenye kusoma. Na sorbetiere iliyopiga aiskrimu ya ng'ombe ioshwe sehemu zote, pamoja na ile pete ya mpira ya mfuniko, kama anayekula ana aleji.

Kuhifadhi: chombo kipana kisicho na kina, plastiki ikigusa juu, friza saa nne. Itoe dakika kumi kabla ya kuchota. Umeme ukikatika, usifungue friza kila mara kuchungulia; ikiwa imejaa inashika baridi mpaka siku mbili, ikiwa nusu ni siku moja hivi. Ikilegea kidogo tu, itarudi ikiwa ngumu na yenye chembe, lakini inaliwa. Ikiwa imeyeyuka na kupata joto, imwage. Andika tarehe kwenye mfuniko, na ndani ya wiki mbili iwe imekwisha.