Hajui kusoma na yuko darasa la tatu: tuisheni au nyumbani?

Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, na ruzuku ambayo serikali huzipa imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hesabu mwenyewe inanunua chaki ngapi. Darasa limejaa, mwalimu hafikii kila daftari, na mtoto anavuka madarasa akinakili ubaoni asichoweza kusoma.

Kwa gharama, nyumbani kunashinda bila ubishi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao, yaani maktaba yake ya intaneti, ingawa bando nalo ni pesa. Tuisheni hulipiwa kila siku au kila mwezi, na hapo ndipo pengo linapopanuka: asiye na hela anabaki na darasa lile lile la asubuhi.

Kwa matokeo, inategemea anayefundisha. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mzazi anayejua kusoma anaweza kuanza na ba, be, bi, bo, bu, kisha maneno, bila kusomea ualimu. Lakini tuisheni nyingi ni darasa lile lile lililohamia kibarazani, maswali ya mtihani tupu. Kabla hujalipa, uliza kama kuna kundi la wanaoanza silabi.

Tuisheni ina nidhamu ya saa, nyumbani hakuna. Mama anayerudi sokoni usiku asijilaumu; kwake tuisheni nzuri, au dada wa darasa la saba, itafaa zaidi. Mwenye nusu saa kila jioni aanzie nyumbani.