Exact Audio Copy: kama unazipenda CD zako, tumia hii

Jamani kama bado una CD za muziki kabatini na unataka kuziingiza kwenye kompyuta usikimbilie programu yoyote tu. Mimi nilianza na nyingine, ikamaliza CD nzima dakika chache nikafurahi kweli, kuja kusikiliza na hedifoni wimbo wa 4 una vimlio vya tik tik kila baada ya sekunde kadhaa. Iliniuma sana maana ile CD aliniachia marehemu baba.

Ndo nikahamia Exact Audio Copy, programu ya Windows ya kukopi CD za muziki, bure kwa matumizi binafsi. Hii ukiiweka kwenye usomaji salama inasoma kila kipande zaidi ya mara moja, isipofanana inarudia tena na tena, halafu AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni, inalinganisha na matokeo ya watu wengine waliokopi CD hiyohiyo. Wimbo wangu wa 4 ulichukua karibu dakika 20, vile vitaa vyekundu vya kuonyesha inarudia kusoma vinawaka tu pale, lakini ukatoka safi kabisa!

MP3 inatengeneza kwa LAME, kiprogramu kinachobana sauti iwe faili dogo. CD yenyewe ni 1411 kbps (kilobiti za sauti kwa sekunde), mimi naweka V0, ngazi ya juu ya ubora ya LAME, inayocheza kwenye 245 hivi na kwa kweli sisikii tofauti. Ila kama nafasi ipo weka FLAC kwanza, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza chochote, MP3 utatoa baadae ukitaka. Kuiseti mwanzoni kunachosha kidogo, kaa nayo taratibu, na majina ya nyimbo inayoyavuta kutoka intaneti yakague kabla hujabonyeza kuanza kukopi.