Siku Moja ya Pwani Kutoka Mombasa: Ununue Ziara Ipi?

Ukifika hotelini Nyali au Diani, haupiti muda kabla hujaonyeshwa karatasi ya ziara. Nyingi zinashindana kwa wingi wa vituo: Fort Jesus, Kilifi, Watamu, Gedi, Malindi na Marafa, vyote kwa siku moja. Mimi nazipima kwa saa. Ni saa ngapi utakuwa nje ya gari, mbele ya kile ulichokuja kukiona, ukiwa na mtu anayekijua vizuri? Kwa kipimo hicho, orodha yangu ni hii.

1. Kaskazini: Jumba la Mtwana, Mnarani, Gedi

Hii ndiyo bora kuliko zote. Magofu yote matatu yamepangana kwenye barabara moja ya Mombasa–Malindi, kwa hiyo huzungushwi bure. Anza asubuhi na Jumba la Mtwana, baada tu ya Mtwapa. Ni mji wa karne ya 14 ulioachwa baada ya takriban miaka mia, na msikiti wake wa ufukweni uko karibu sana na maji hata unasikia mawimbi ukiwa ndani ya kuta. Mnarani, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, dakika 45 zinatosha: nguzo ya kaburi, mibuyu, na mandhari ya maji chini.

Gedi ndiyo usikubali kuharakishwa. Dai saa mbili. Mji huu uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kati ya 1948 na 1958 uko ndani ya msitu, na nyumba zake zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: mkasi, kauri, sarafu za Kichina, taa ya chuma. Kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wareno walikaa Malindi, kilomita 15 hivi kutoka hapo, lakini hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Kwa nini watu walihama? Wengine wanasema mashambulizi, wengine wanasema visima vilikauka. Mwongozaji mzuri atakusimamisha kisimani akueleze hoja zote mbili, kisha akuonyeshe vyoo na mifereji ya wenyeji wale, ndipo muende kuwatazama kima. Asiyejua atakupeleka kwa kima moja kwa moja. Tangu 2024 Gedi imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na kila nikirudi naona kitu nilichokipita mara ya kwanza.

Kabla ya kulipa uliza: ndani ya Gedi ataongoza nani? Jibu likiwa "dereva", omba mwongozaji wa pale pale langoni na umhesabu katika bei.

2. Kusini: Shimoni, kisiwa cha Wasini na Kisite

Ukilala Diani, ipandishe hii iwe ya kwanza. Unapata vitu viwili visivyofanana kabisa: pango la Shimoni, walimofungiwa watumwa kabla ya kuvushwa baharini, halafu matumbawe na pomboo wa hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Pango wengi hulipitia mbio ili wawahi mashua. Sisitiza lipewe muda wake. Vijana wa kijiji wanaoliongoza wana mengi ya kusema.

Hapa bahari ndiyo inayoamua. Wakati wa upepo wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, maji huwa matulivu na unaona mpaka chini. Kusi likishika, hasa Mei hadi Julai, mawimbi ni makubwa na maji huchafuka. Uliza pia maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, maana ratiba nzuri hupangwa kufuata maji. Muuzaji asiyejua maji yanajaa lini simkabidhi watoto wangu. Kagua jaketi za kuokoa maisha kabla mashua haijang'oa nanga, moja kwa kila kichwa.

Kutoka kisiwani Mombasa ongeza muda wa kivuko cha Likoni, au uulize kama gari litapita barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji kivuko.

3. Fort Jesus na Mji wa Kale, kwa miguu

Nusu siku tu, na ndiyo nafuu kuliko zote. Inawafaa wazee na wenye watoto wadogo. Ngome ilianza kujengwa 1593, na Waomani walioanza kuizingira 1696 waliiteka 1698. Chukua mwongozaji anayeishi Mji wa Kale, akusomee milango na baraza. Vaa nguo za heshima; leso mkononi husaidia.

4. Malindi

Nguzo ya Vasco da Gama ni nzuri, lakini ni kilomita 120 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Nunua hii ukiwa umelala Watamu.

5. Ile ya vituo sita

Usiinunue. Niliwahi kwenda nayo: Gedi tulipewa dakika 25, honi ikitulilia langoni. Marafa, ambako rangi za udongo huwaka jua likielekea kuzama, tuliondoka alasiri mapema ili tuwahi Mombasa.

Kwa ziara yoyote, uliza kama viingilio vimo ndani ya bei. Magofu na Fort Jesus viko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Kisite iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ambalo hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Raia ana bei yake, basi beba kitambulisho. Kampuni ikuonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Na muda wa kila kituo uandikwe kwenye risiti kabla hujatuma malipo ya kwanza.