Huduma ya kufuata wagonjwa wa mwisho nyumbani, Bukavu: nikupe nyota ngapi sijui

Jamani munisamehe kama naandika kwa hasira. Mama mukubwa wangu alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi, madocta walishasema hakuna kingine, tukaingizwa kwenye ile huduma ambayo docta, enfirmye (muuguzi), watu wa famasi na mchungaji wanatakiwa kusikilizana na mgonjwa anabaki kwake. Kwa mdomo ni tamu sana. Na kweli enfirmye wetu, ule mama, alikuwa anapanda Kadutu kwa miguu ndani ya matope, akatufundisha morfini ya maji: kila masaa manne, musingojee maumivu yarudi, ya kulalia ni kipimo mara mbili ili asiamke usiku, na dawa ya kulainisha choo musiisahau. Mama mukubwa akalala. Akaomba bugali na visamaki vya sambaza! Siku ile ningewapa nyota zote.

Sasa ikafika siku ya posho moja (Jumamosi), jioni, chupa imeisha. Napiga ile namba ya "saa yoyote", inalia tu. Nashuka na ordonansi, ile karatasi ya dawa, kijana wa famasi hata hainui macho kwenye simu yake: kashe, ule muhuri wa docta, haiko. Namwambia docta si ni wenu, yuko hapo juu, mumuulize basi. Eti, "Huyu si mgonjwa wa kufa? Mungoje siku ya kwanza (Jumatatu)." MUNGOJE. Usiku mbili mama wa watu analia mpaka majirani wanakuja kugonga.

Najua morfini ina sheria yake, si bonbon. Lakini Uganda hapo tu, enfirmye aliyesomea kazi hiyo anaruhusiwa kuiandika mwenyewe, docta Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma kama hii yetu, Kampala tangu 1993, siye tuko tunatafuta kashe.

Kisha, matanga hata hayajapoa vizuri, wananiletea fishi, karatasi ya kujaza: "Ushirikiano kati ya huduma: nzuri, wastani, mbaya. Weka alama moja." Moja ya nani? Ya ule mama ao ya famasi? Nikaweka mbaya, nikamukumbuka anavua viatu vya matope mlangoni kwetu, nikafuta, nikakumbuka ile posho nikaweka tena, karatasi ikatoboka. Iko kwenye kabati mpaka leo.

Ukiwa na mgonjwa, waite tu, ndiyo nasema waite. Ila chupa ikifika nusu ushuke famasi siku ya kazi, na kashe uione kwa macho yako mbele ya kutoka.